Jibu la Swali Jingine

Siku za mwanzo wauza viatu wa soko la Zhanxi, huko Uchina, walidhani Ghalib amepata wazimu. Mtu mzima, ndevu zake nzuri, anasimama kwenye njia ya mikokoteni saa tano asubuhi, wenzake wanagombania mzigo mpya, naye anaiuliza simu yake nani alikuwa mfalme wa kwanza wa dola ya Mughali ya Bara Hindi. Jovin, Mhaya aliyezoea kuzunguka naye madukani, alimtania kwamba sheikh kumbe kaja Guangzhou kuchukua digrii. Ghalib alicheka tu. Digrii gani, na skuli yenyewe aliiacha kidato cha pili akakimbilia biashara?

Jambo lenyewe lilikuwa la mwanawe Swalha, mtoto wa miaka kumi na moja, aliyekuwa Unguja na mama yake. Mwanzoni mwa mwaka alijibu kosa darasani, darasa zima likamcheka, na mwalimu naye, Mungu amsamehe, akacheka. Tangu hapo Swalha alifunga mdomo. Nyumbani alisema mawili matatu. Skuli hata akiitwa jina alinyanyua mkono tu. Lakini kuandika aliandika vizuri, basi mwalimu mkuu akamtia katika timu ya chemsha bongo ya historia ya Bara Hindi na dunia, akitumaini kwamba jukwaani atafunguka. Wakubwa nao wana dawa zao za ajabu. Swalha alimwambia mama yake, Zainabu, kwamba akichekwa tena, skuli basi, harudi. Na Zainabu alimjua mwanawe, hakuwa anatania.

Zainabu akampigia mumewe, akalia. Ghalib yuko mbali, hana la kufanya, na kukosa la kufanya ndiko kulikomuuma zaidi. Akaomba apigiwe picha karatasi za maswali atumiwe. Atamuuliza yeye mwenyewe, kila siku kabla mtoto hajaenda skuli. Unguja ikiwa saa kumi na mbili asubuhi, Guangzhou ni saa tano, na saa tano ndipo soko linapochemka. Na lichemke.

Asubuhi za kwanza ilikuwa kama kuuliza ukuta. Swalha alikaa mbele ya simu na sare yake, ushungi umekaa sawa, akitikisa kichwa kwa kila swali. Kisha siku moja Ghalib aliuliza nani aliyeamuru Taj Mahal ijengwe, na ikaja sauti ndogo, kama ya mtu anayeiba.

"Akbar."

Karatasi ilisema Shah Jahan. Neno "siyo" lilishafika ulimini, Ghalib akaona macho ya mtoto yanaanza kuinama, yakingoja kuchekwa. Akalimeza. Akamwambia asubiri kidogo, akatoa simu yake ya pili, akatafuta haraka haraka, huku mkokoteni ukimgonga kisigino na msukumaji akimfokea kwa Kichina.

"Akbar ni sawa," akasema. "Mie ndiye niliyeuliza vibaya. Nilitaka kuuliza nani kajenga mji wa Fatehpur Sikri."

Swalha alimkazia macho. "Baba, wanidanganya."

"Wallahi, Akbar ndiye kaujenga. Jibu lako si kosa, ni la suala jengine. Sisi kazi yetu tulitafute hilo suala."

Mtoto akacheka. Ghalib hakuwa amekisikia kicheko kile tangu mwaka uanze, na furaha aliyoipata pale kati ya maboksi ya viatu asingeibadilisha kwa kontena zima.

Ukawa ndio mchezo wao. Ghalib akiuliza mwaka wa uhuru wa Bara Hindi, Swalha akisema sitini na moja, basi huo ni wa Tanganyika, Jovin akaitikia kwa nyuma kama mwenye nchi. Akiulizwa aliyefika Amerika akasema Vasco da Gama, wanampeleka Vasco kwake Calicut, pwani ya Bara Hindi. Kadiri kosa lilivyopotezewa aibu yake, ndivyo Swalha alivyothubutu, na kadiri alivyothubutu ndivyo alivyopatia. Mama mwenye duka la viatu vya watoto, laoban, yaani tajiri wa duka kwa Kichina, aliyejulikana soko zima kwa ukali, alimsogezea Ghalib kiti cha plastiki na kukipunguza sauti kipaza sauti chake cha kutangaza bei. Hakuelewa hata neno moja. Ila uso wa mtoto aliuona.

Ikafika Jumamosi ya mashindano. Zainabu alikaa mstari wa mbele na simu mkononi, Ghalib kwenye kiti chake cha plastiki. Picha ikakatika mapema, ikabaki sauti. Akamsikia mwalimu muulizaji akimwita Swalha na kumuuliza vita vya Plassey vilipiganwa mwaka gani.

Kimya. Ghalib alijua jibu, na kulijua kulimtesa. Akafumba macho.

"Elfu moja mia nane hamsini na saba," ikasema ile sauti ndogo.

"Siyo," akasema mwalimu, na ukumbini watu wakaanza kucheka. Ghalib akashika kichwa. Yamekwisha, alijiambia, mtoto amekwisha.

"Hilo jibu la suala jengine, mwalimu," sauti ikasema, sasa kubwa. "Huo mwaka askari wa Kihindi waliwaasi Waingereza. Plassey ni miaka mia kabla."

Kicheko kikakatika. Kisha mtu akapiga makofi, na mwingine, na ukumbi mzima. Alama hawakumpa, sheria ni sheria, na mwisho wa yote timu yao ikashika mkia.

Baadaye Swalha aliichukua simu mwenyewe.

"Baba, tumekuwa wa mwisho."

"Nimesikia."

"Na wakanicheka. Ulisikia?"

"Nilisikia, mwanangu."

"Mie nikaendelea kusema."

Ghalib akataka kujibu, akaishia kupenga kamasi. Laoban alikuwa amesimama mbele yake na kiatu mkononi, bei ameisahau.

"Baba, walia?"

"Vumbi la maboksi haya," akasema Ghalib.

"Hilo jibu la suala jengine," akasema Swalha, akangoja.

Ghalib akapangusa ndevu zake kwa kiganja. "Ndiyo," akasema. "Nalia."