Kasi Iliyopotelea Nyumbani

Mtaani kwetu hapa Singida mjini, hakuna bibi anayeijua intaneti kunishinda mimi. Tulikuwa watatu wa kushindana. Mmoja amehamia Issuna kwa mwanawe, mwingine macho hayaoni tena. Kwa hiyo nimeshinda kama mtu anayekimbia peke yake, na hata hivyo nilijikwaa.

Enzi za foleni ya sukari, ukitaka kupiga simu ulikwenda posta ukasimama kama mshitakiwa. Biashara ziliporuhusiwa tukaona sabuni za kila rangi, kisha simu za mkononi, na mwisho kampuni ikaja yenyewe kubisha hodi, ikitubembeleza tukubali waya. Mume wangu, Mzee Mselemu, aliyekuwa na duka la rejareja hapa sokoni mpaka magoti yalipomgomea, alikubali kabla mgeni hajamaliza kusalimia. Wakafunga kisanduku ukutani, na pembeni yake ruta, kitu cheusi chenye masikio mawili kama mbuzi aliyesikia fisi. Nikaifunika kwa kitambaa nilichokifuma mwenyewe. Redio ina chake, runinga ina chake. Hakuna kinachokaa uchi sebuleni kwangu.

Aliyeuhitaji huo waya hasa ni mjukuu wetu Kauthar, niliyemlea tangu hajaota meno. Amemaliza chuo Dodoma, akapata kazi ya kuwafundisha Kiswahili wageni walio nchi za mbali, wakitazamana kwenye kompyuta. Lakini waajiri wakaweka sharti: apime kasi ya intaneti ya nyumbani, awapelekee majibu kabla ya Ijumaa. Ikifika mega kumi, kazi ni yake. Isipofika, itabidi aende Dar es Salaam kwa mjomba wake, akatafute riziki huko. Mimi nikajifanya sijali. Nikamwambia Dar pazuri, joto lake halihitaji blanketi. Kisha nikaenda jikoni kuchambua mchele niliokwisha kuuchambua.

Kauthar akapima. Kwenye kompyuta kuna duara lenye mshale, kama ule wa mwendo wa gari. Mshale ukajikongoja mpaka mbili, ukalala. Akapima asubuhi, akapima baada ya adhuhuri, hali ileile. Nilimshauri aigonge ruta ubavuni, maana redio yetu ya zamani ilisikia lugha hiyo tu. Akanitazama kwa heshima, ile heshima ya kumnyamazisha mtu.

Akamgeukia babu yake, akamuuliza kama amempa mtu yeyote neno la siri la kuingilia. Siku ile waya ulipofungwa, Mzee Mselemu ndiye aliyechagua neno hilo, na akaahidi kwamba halitatoka ndani ya nyumba. Akaweka mkono kifuani.

"Mimi? Sijampa hata nzi."

Sasa, mimi nimeishi na huyu mwanamume. Amelelewa kwamba chumvi, maji na kaa la moto jirani hanyimwi, na akiwa dukani aliongeza na sukari, na kiberiti, na muda wangu. Lakini nilimwacha. Mke mwenye akili hamkimbizi kuku anayeelekea bandani mwenyewe.

Alhamisi akaja fundi wa kampuni, Fredrick, mtu wa Nduguti, anayekupa shikamoo ya kuinama mpaka unajiona umezeeka zaidi. Akauchomoa waya kwenye ruta, akautoa kisandukuni moja kwa moja mpaka kwenye kompyuta. Mshale ukaruka kama umechomwa na mwiba, ukakaa ishirini. Akaurudisha upite kwenye ruta kwanza. Mshale ukachechemea, ukalala palepale pa siku zote.

"Bibi, mzigo unafika mlangoni ukiwa kamili," akaniambia. "Unapungukia humu ndani."

Nikamwambia basi mbuzi kapotelea zizini. Akacheka, akaeleza kwamba ni moja kati ya mambo mawili: ama ruta imeharibika, ama kuna watu wengi wanaikamua kwa pamoja.

Mzee Mselemu akawahi kuchagua. Ruta ndiyo mbovu, akasema, vitu vya siku hizi havidumu, tena hicho kitambaa kinaibana pumzi. Kitambaa changu. Nilichukia, lakini kidogo tu, kwa sababu Fredrick naye alikitoa akisema joto kweli si zuri.

Fredrick akaniomba pini ya mtandio. Akaisukuma kwenye kitundu mgongoni mwa ruta, taa zote zikazimika, zikawaka upya. Akasema sasa iko kama ilivyotoka kiwandani, imesahau kila mtu. Kauthar akaweka neno jipya la siri, akiwa ametupa mgongo sote. Kisha akapima, waya ukiwa umepita kwenye ruta.

Mshale ukapanda. Ukafika kumi, ukapita, ukaenda kutulia karibu na ishirini.

Kauthar hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni, akatuma majibu, halafu akauliza kesho tupike kuku au mlenda. Anayefunga mizigo haulizi chakula cha kesho. Nikasema kuku, nikaenda kubandika chai.

"Mnaona?" Mzee Mselemu akasema. "Ilikuwa imechoka. Hata ng'ombe wa jembe hufunguliwa nira."

Chai haijapoa, hodi. Ni Dina, jirani wa ukuta wa pili, amekuja kumjulia hali Mzee. Mzee mzima? Mzima kabisa. Akakaa, simu kiganjani. Mara Mwalimu Yeremia, ambaye hajaingia kwetu tangu Idi, anauliza habari za magoti. Nyuma yake wengine, na wengine, mpaka viatu vikajaa mlangoni kama tumefiwa. Na kwetu mtu hasemi lililomleta kabla hajanywa kitu, kwa hiyo nilimimina chai taratibu sana. Mzee Mselemu alikuwa anatokwa jasho, anasimulia habari za mvua na alizeti bila nukta, ili asipatikane wa kuchomeka neno. Kauthar alisimama mlangoni mwa korido, mikono ameikunja.

Nikauliza kwa upole kuna nini leo hata Mzee apendwe hivi. Wote wakatazama vikombe. Isipokuwa Rahimu, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, ambaye subira hakupewa.

"Shikamoo, Mzee. Tumeandika radhiawangu mpaka vidole vimeota sugu, intaneti imekataa. Tumekukosea nini?"

Radhia ni mimi.

"Babu," Kauthar akasema.

"Atakuwa amekisia," Mzee Mselemu akajibu, bila kumtazama yeyote. "Jina la mke wangu nani asiyelijua?"

"Nikisie vipi, Mzee," Rahimu akasema, "na wewe ndiye uliyeniandikia kwa chaki kwenye meza ya cherehani, ukaniambia nisifute mpaka majirani wote wapite waone?"