Alama Mbili, Mstari wa Kumi na Nne

…na alama ni mbili, si moja, mstari wa kumi na nne wa daftari una alama mbili, na kidole changu kiko juu ya swichi tangu waliponiita chai mara ya kwanza, mstari wenyewe unasema maika kati ya aisii na alumini, nimeuandika mimi, kwa wino, mwandiko ni wangu, na mbele yake ipo ile alama ya kwamba kazi imekwisha, halafu kando yake ipo nyingine, kana kwamba nilifanya nikasahau nikafanya tena, au niliweka alama nikasahau nikaweka alama tena, na kazi yenyewe sikuifanya hata mara moja… maika ni kijikaratasi tu, chembamba kama ganda la kitunguu, kinapitisha joto na kuzuia umeme, ukikisahau mgongo wa aisii unagusa alumini ya kupozea, alumini inagusa kasha, na hapo ni cheche moja, harufu moja, wiki saba za kazi zimekwenda na moshi, na binti yangu yuko sebuleni akiusubiri moshi huo, “Baba, chai inapoa,” nakuja, nasema nakuja, siendi, ningeweza kupima kwa mita, sekunde mbili zingetosha, lakini mita iko kwenye rafu ya sebuleni, juu ya kichwa chake kabisa, na kwenda kuichukua ni kuulizwa, unapima nini Baba, kwani hukumbuki, na yeye ni nesi, kuuliza ndiyo kazi yake, Jumapili ile aliniuliza leo ni tarehe ngapi, kama mzaha, huku anamenya chungwa, akasema haya Baba, hesabu kutoka mia ukirudi nyuma, saba saba, nikashuka vizuri, tisini na tatu, themanini na sita, nikafika sitini na tano na ngazi ikakatika, nikasema nimechoka na michezo yenu ya hospitali, mama yake akacheka, yeye hakucheka, aliendelea kumenya chungwa ambalo lilikuwa limekwisha kumenywa… hiyo ni kwa sababu ya gesi, niliifungulia nichemshe maji, nikaenda kutafuta kiberiti, nikakuta bisibisi mezani, nikakaa, na mke wangu aliporudi alifungua madirisha yote moja baada ya jingine bila kusema neno, wala hakusema hata baadaye, jirani ndiye aliyepeleka habari, na binti akaja na masharti, akasimama hapo mlangoni, “Sikiliza Baba, kitu chako hicho kijenge peke yako, kwa akili yako mwenyewe, kikiimba mimi nanyamaza, kikifuka moshi, vyombo vyako vinaingia sandukuni, ufunguo nakaa nao mimi, na nyinyi wawili mnahamia kwangu,” nikasema sawa, nilisema sawa haraka kama mtu aliyeulizwa kama anataka sukari, na nyumbani kwake hakuna meza, kuna kiti kimoja kinachotazama televisheni… “Mama, tangu lini yuko humo?” “Tangu asubuhi.” “Anafanya nini?” “Anasoma.” “Anasoma nini?” “Eh?” “Nimesema anasoma nini,” mke wangu sikio la kulia limekuwa zito, la kushoto linalifuata, redio ndogo ya jikoni haimfikii tena, anaisogeza shavuni kama mtu anayepokea siri, na hapo ndipo lilipoanza wazo hili, spika mbili kubwa za mbao tunazo tangu kiwanda chetu cha redio kilipofungwa, zimekaa bubu miaka kwa miaka zikibeba vyungu vya maua, kinachokosekana ni kikuza sauti, nikasema nitakijenga, kwa aisii, moja kwa kila upande, miguu kumi na moja kila moja, kazi ambayo zamani ilitaka meza nzima ya transista leo inaingia katika kitu cha ukubwa wa kiberiti, “Redio ya Baba imefikia wapi?” ndivyo binti anavyouliza kwenye simu, si redio, mwanangu, redio inapokea kitu kutoka hewani, hiki hakipokei, hiki kinapewa kidogo kinarudisha kingi, kila kitu kina jina lake, mwalimu wetu wa shule ya ufundi, yule mgeni wa soksi ndefu, ukimwomba kile chuma hakupi, anakutazama tu mpaka useme koleo, na koleo lipi, la kukatia au la kushikia, nami nikakua hivyohivyo, kiwandani wakaniita Bwana Majina, na sasa huyo Bwana Majina wiki mbili zilizopita amesimama mbele ya muuza spea na neno halimo, kinywa kimefunguka na neno halimo, nikasema nipe kile… kile kikopo, cha kutunzia umeme, akasema, “Kikopo, mzee? Vikopo wanauza wa rangi, duka la pili,” wakacheka waliokuwepo, nikacheka nao, nikakionyesha kwa kidole kama mtoto, na neno likanirudia nilipotia ufunguo mlangoni kwangu, kapasita, nikasimama pale kizingitini nikilisema, kapasita, kapasita, mke wangu akauliza unazungumza na nani… na chuma cha kulehemu, hicho sijamwambia mtu, siku moja niliamka baada ya usingizi wa mchana nikakishika, kina moto, nami nilikuwa na hakika nimekichomoa kabla ya kulala, ningeapa, ningeweka mkono juu ya kitabu chochote, na kina moto, nikakaa kitandani wiki nzima nikiwaza kwamba jirani safari hii hatakuwa na habari ya harufu, atakuwa na habari ya majivu… sasa kidole hiki, nikibonyeza nitajua, taa nimeitia njiani, balbu ya kawaida kati ya ukuta na transfoma kama tulivyofundishwa, ikimulika kidogo kisha ikafifia kila kitu kizima, ikiwaka na kubaki inawaka kuna mahali umeme umepata njia ya mkato, bonyeza basi mzee, nini kinakuzuia, alama mbili zinanizuia, mtu aliye timamu haweki alama mbili… miwani, miwani iko wapi, iko kwenye paji la uso, hapo ilipo siku zote, ishushe, hebu, mkono mmoja unatosha, mwingine ubaki kwenye swichi… ya pili si wino. Ya pili ni penseli. Mimi penseli situmii, mwalimu wa soksi ndefu alisema penseli ni ya mtu anayetaka kuja kujikana, maisha yangu yote sijaweka penseli kwenye karatasi ya kazi, na alama hii ni fupi, imelalia kushoto, ina mkia kama ndoano, na mkia huo naujua, nimeutazama miaka kumi na tisa kwenye kadi zilizofungwa kwa uzi kwenye kila redio iliyotoka mezani kwangu, wino wangu, penseli yake, kwa sababu pale kiwandani hakuna redio iliyotoka na alama moja, hata ya msimamizi, fundi anafunga, mkaguzi wa meza ya nyuma anafuata mstari kwa mstari, pazuri anatia alama, pabaya anachora duara, pakitengenezwa anatia alama ndani ya duara, na mkaguzi wa meza yangu alikuwa msichana wa mashoto asiyecheka, siku yangu ya kwanza akasema kwa sauti ya kufika meza sita, “Fundi, kuna waya wako hapa umejishikilia kwa matumaini tu,” na leo ni mke wangu, yuko sebuleni anamimina chai… geuza ukurasa, geuza, mstari wa kumi na tatu, penseli, hafifu kama unywele, wa kumi na mbili, penseli, wa kumi na moja, wa kumi, yote, yote, amekuwa akinifuata, lini, nikilala, mchana nikilala, na wa tisa… wa tisa una duara. Kapasita ya upande wa hasi. Duara, na ndani ya duara alama. Tochi, tochi hii hapa, ndani ya kasha, kapasita mbili zimesimama kama ndugu, upande wa chanya unaeleweka hata ukiwa umefumba macho, ila upande wa hasi una mtego wake, pale mguu wa chanya ndio unaoingia kwenye waya wa sifuri, ukienda kwa mazoea unaigeuza, na iliyogeuzwa haifuki moshi tu, inapasuka, inarusha kofia yake darini, na miguu ya hii, tazama, risasi yangu ya kulehemu siku hizi ni matone makubwa, mkono unatikisika, lakini miguu miwili ya hii ina vitone vidogo, vinang'aa, vimekaa kama shanga, hiyo si kazi yangu, hiyo ni kazi ya mtu ambaye hakuwahi kumwaga risasi kwa sababu alichukia kupangusa… kwa hiyo niliigeuza. Kwa hiyo niliitia kichwa chini, nikaweka alama ya wino, nikaenda kulala, naye akaja akachomeka chuma, akaitoa, akaigeuza, akachomoa, na chuma kilikuwa hakijapoa nilipoamka, kilikuwa na moto wake yeye, si wangu, wiki nzima nimejihukumu kwa kosa ambalo sikulifanya, na hili nililolifanya hasa sikulijua… nani kamruhusu, mezani kwangu, bila hodi, amenikagua kama kibarua wa majaribio, na sasa nikibonyeza kitaimba, hakika kitaimba, maika ipo, penseli yake haijawahi kusema uongo, kitaimba na binti atanyamaza, nami nitakunywa chai yangu nikiwa mshindi kwa mkono wa mtu mwingine, peke yako, alisema, kwa akili yako mwenyewe, na mke wangu atanitazama juu ya kikombe, angenyamaza mpaka kaburini, kama alivyoinyamazia gesi… lakini peke yako ni nini, nani aliyewahi kujenga redio peke yake, wanaume wa mikono mizima, wa miaka ishirini na mitano, wenye macho ya mwewe, kila jioni kadi zao zilikuwa na maduara, na hakuna aliyeitwa mgonjwa, hakuna aliyehesabishwa saba saba, walirudi mezani wakarekebisha… mstari wa mwisho. Kuwasha. Hauna wino wala penseli, na kwa nini kidole changu kiko hapa, fundi hakuwasha kamwe, hiyo ndiyo iliyokuwa sheria kuliko zote, fundi anasimama kando, mikono nyuma, anayewasha ni mkaguzi, “Baba, nije nikusaidie kubeba?” “Mwache,” anasema mama yake, “bado hajamaliza,” “Mama, umejuaje?” “Eh?” hajasikia, au hataki kusikia, na yeye nikimwita kwa sauti yangu ya kawaida hatanisikia, itabidi nipaze, nipaze kiasi cha kufika meza sita, na binti atasikia kila neno, atauliza mkaguzi gani, mkaguzi wa nini, na mimi nitamwonyesha daftari, mstari wa tisa kwanza, kapasita, jina ninalo, halafu duara, halafu aseme atakalosema, sandukuni ama la… kidole kingali juu ya swichi, hakijashuka, hakijaondoka, navuta pumzi, “Mkaguzi,” nasema, “Eh?” anasema, na vikombe vinatulia sebuleni, navuta nyingine, kubwa zaidi…