Nondo Mia Mbili na Kumi

"Mia mbili na kumi!" fundi cherehani alirusha sauti juu ya ua uliotenga bustani zao. "Nondo wako ni wangapi, wifi? Usijifanye husikii."

"Kumi na tisa," alijibu wifi yake, mwalimu, bila kuinua kichwa kwenye nyanya zake. "Na huo si ushindi. Wakijaa ndooni hivyo, ujue wanazaliwa kwako."

"Sizitaki mbichi hizi! Sema tu nimekushinda."

"Umenishinda nini? Majani yako yamechorwa mistari kama ramani. Nilikwambia tangu wiki jana, ng'oa miche iliyougua."

"Ning'oe nibaki na udongo mtupu, mama akija apitilize kwako? Thubutu!"

Hapo ndipo palipouma. Nondo hao wadogo wa kijivu walikuwa wageni. Mtaani walionekana msimu uliopita tu, na viwavi wao hula jani kwa ndani, kisha huhamia kwenye tunda. Mawifi wote wawili walipewa mitego ya aina moja: ndoo yenye maji ya sabuni, na juu yake kidonge chenye harufu ya jike. Madume huja kuchumbia, huishia kuoga.

Mama mkwe, aliyemzaa mwalimu, alikuwa akizisifu nyanya za binti yake mpaka fundi akakosa pa kuweka uso. Ndoo ikampa pa kushindania. Basi majani yaliyougua akayaacha makusudi, viwavi wakomae, watoke nondo, hesabu ipande. Akajiona mjanja.

Mara mama mkwe akaingia uani.

"Mama, njoo uone! Mia mbili na kumi!"

Mama mkwe alichungulia ndoo. Akachuma nyanya moja ya fundi, akaiminya. Ikatoa maji meusi, na kiwavi akajinyonganyonga kwenye kidole chake.

"Mkwe wangu, hawa unawaua au unawafuga?"

Mwalimu aliangua kicheko. Fundi alihisi masikio yanawaka moto, akageuka asionekane. Ndipo akaliona: jani la chini kabisa kwenye mche wa mwalimu, pale kando ya ua, lilikuwa na mstari mmoja mweupe.

Moyo ukamruka kwa raha. Nyamaza, alijiambia. Waache viwavi wamle na yeye.

Lakini wakimla, mama atasema wametoka wapi? Ubaya wote utakuwa wake yeye fundi, na mwalimu ataongezewa sifa ya uvumilivu. Hilo lilimuuma kuliko kicheko.

Alichukua mfuko mweusi wa plastiki, akang'oa mche wa kwanza na mizizi yake. Wa pili. Wa kumi. Hakubakiza hata mmoja. Kisha akauvuka ua na mfuko mkononi, akachuma lile jani na kulitumbukiza humo.

"Hilo ni lako, mwalimu. Pekua na mengine, leo hii, nami nakusimamia. Mama, tushikie mdomo wa mfuko."