Namba ya Mama

Hifadhidata ya zahanati aliijenga karani wa mapokezi mwenyewe, akiwa bado anasoma kozi ya jioni. Mwalimu alikuwa amesisitiza: kila mgonjwa apewe ufunguo wake, yaani alama ya kumtambulisha, usiofanana na wa mwingine yeyote. Karani akachagua namba ya simu. Nani siku hizi hana simu?

"Mzio?" muuguzi alipaza sauti kutoka chumba cha sindano. Wagonjwa walimbandika jina la Sindano Moja, kwa kuwa hachomi mara mbili.

Bibi aliyemleta mjukuu akataja namba ya mama wa mtoto. Kioo cha kompyuta kikaandika: mzio, hakuna. Lakini jina lililotokea lilikuwa la mdogo wake mtoto huyo.

Karani akakumbuka. Wiki iliyopita mama alimleta yule mdogo, mashine ikagoma: namba hii ipo tayari. Foleni ilikuwa inanung'unika. Akafuta jina la mkubwa, akaandika la mdogo juu yake, na kwenye mzio akajaza "hakuna". Mashine ilimwonya; yeye akaona inamsumbua tu.

"Bibi, huyu mkubwa hapatani na dawa gani?"

"Nitajuaje, mwanangu? Mwenye kujua ni mama yake, yuko kazini."

"We karani, umelala huko? Dawa nimeshaivuta!"

"Usichome, dada! Subiri!"

Alipiga simu ya mama. Ikaita mpaka ikakatika. Ndani, mtoto alianza kulia. Akapiga tena.

"Penisilini," mama alisema. "Mara ile alivimba mpaka koo. Si nilikwambia, ukaandika?"

Karani akarudia neno hilo kwa sauti. Sindano Moja alitoka na bomba mkononi.

"Iliyomo humu ndiyo hiyohiyo." Akamtazama. "Wangapi wengine umewaandika juu ya wenzao?"

Hakujua. Mstari uliofutwa hauachi alama. Alizima kioo, akaenda kusimama mbele ya benchi.

"Jamani, nani hapa ameandikishwa kwa namba anayotumia na mtu mwingine?"

"Mimi natumia ya jirani," mzee mmoja akasema. "Simu yangu imeibwa. Na jirani naye anaumwa, anakuja."

Watu wakacheka. Kisha mikono ikaanza kuinuka, mmoja baada ya mwingine, hadi mlangoni.