Grisi Juu ya Reli

Lemuel Tarver alikaza breki, tramu ikasimama ghafla kileleni mwa mteremko, abiria wakapigana vikumbo.

"We dereva, vipi!" akafoka bwana mmoja mzungu wa kiti cha mbele. "Ndiyo maana tulisema hawa weusi wabaki na ndoo zao!"

Ilikuwa safari ya kwanza ya Lemuel peke yake. Miaka kumi na tisa alizitembea reli za Philadelphia kwa miguu, ndoo ya grisi mkononi, akipaka kwenye kona ili magurudumu yasipige kelele. Kuendesha kulikuwa kwa wazungu tu. Mwaka huu wa vita, 1944, ndipo weusi wachache waliporuhusiwa, na asubuhi mkaguzi alimwambia wazi: "Kosa moja tu, Tarver, unarudi kwenye ndoo."

Akashuka kutazama kilichong'aa juu ya reli mbele yake. Lahaula! Grisi hupakwa ubavuni mwa reli. Juu haipakwi asilani, breki hazitashika kitu. Hii ilikuwa juu, reli zote mbili, na kule chini watoto wa shule walikuwa wakivuka. Tena haikumwagika. Ilipakwa kwa brashi, na mtu anayeijua kazi. Mwenzake wa kazini alitaka afanye lile kosa moja.

Kitambaa hakuwa nacho. Alikuwa na koti jipya la sare, ambalo mkewe Vernice alilipiga pasi mara mbili alfajiri. Akalivua, akapiga magoti, akaanza kufuta.

"Mwanangu, utachelewa!" Bi Hattie, mama mtu mzima aliyekuwa akienda kufua nguo za watu, alimwita kutoka mlangoni. "Watakufukuza hao!"

"Bora wanifukuze, Mama. Tukishuka hivi hivi tutazikwa wote."

Bi Hattie akateremka, akafungua aproni yake. "Basi sogea huko."

Yule mfokaji alichungulia, akaiona reli, akarudi kitini.

Walifika mwisho wa njia wamechelewa dakika kumi na mbili. Mkaguzi alikuwa akingoja, saa mkononi.

"Koti liko wapi?"

Lemuel akampa. Vidole vya mkaguzi vikanata. Akavinusa.

"Nani mwingine ameona?"

"Gari zima, bwana."

Mkaguzi akamrudishia koti bila kumtazama usoni. "Kofia unayo?"

"Ninayo."

"Ivae. Una safari ya kurudi."

Lemuel akazunguka nyuma ya gari, akaishika kamba ya kugeuzia mlingoti unaochukua umeme kwenye waya wa juu, ili gari lirudi lilikotoka. Ikamponyoka. Akafuta grisi ya viganjani kwenye suruali, akaishika tena.