Matanga Ndani ya Kaseti

Siku ya ishirini na tatu ya eda yake, mwaka wa tisini na nne, Bi Mwanakuu alitia maji asumini yake iliyopandwa ndani ya debe pale roshani, akakaa mkekani kutazama kaseti. Ilikuwa imeletwa na Priscah, mpangaji wa chini, aliyefanya kazi na Menza, marehemu mume wa Bi Mwanakuu, katika ghala moja la Shimanzi. Priscah aliikodi Biashara Street bila kuuliza sana. Jina la picha lilitaja nyumba, naye akadhani ni mambo ya fanicha.

Kumbe ni picha ya kutisha. Mwanamke wa Kizungu amefiwa na mumewe, amebaki na watoto wawili katika jumba la mbao lenye vyumba kumi na vinne. Milango inajifunga yenyewe. Kabati linagonga. Watoto wanapiga mayowe, na mama yao analia peke yake ngazini.

Bi Mwanakuu alivumilia nusu saa nzima.

"Hawa hawana jirani?"

"Hawana, Bi Mwanakuu. Ndivyo picha yenyewe ilivyo," Priscah akasema.

"Mfiwa alia, hapana mkeka, hapana kahawa, hapana hata mtu wa kumshikia mtoto. Nawe wataka milango itulie?"

Aliona haya kana kwamba kosa ni la mtaa wake. Menza alipofariki, wanawake wa Mji wa Kale walijaa hadi ngazini, na chakula kikabaki. Angekwenda kumpa pole yule mjane wa Kizungu saa hiyo hiyo, ila mjane hatoki nyumbani miezi minne na siku kumi. Basi akaitwa jirani wa mkabala, Mwalimu Mwanabaraka, aliyesomesha watoto Kurani chuoni. Mwalimu alivua viatu, akaizunguka televisheni, akapima kwa macho umbali kati yake na mlango.

"Televisheni i ndani ya nyumba," alisema. "Aingiaye humo hajatoka. Lakini jifunike vyema, mle mna watu wageni."

Bi Mwanakuu akajifunika, akachukua mikeka miwili, birika la kahawa na sinia la mahamri, akaingia. Priscah alimfuata na sufuria ya mbaazi, maana ndiye aliyejua Kiingereza.

"Makiwa," Bi Mwanakuu akamwambia mjane wa Kizungu. Mjane hakujua la kujibu, kwa hiyo Bi Mwanakuu akamjibia: "Yamepita." Wakatandika mikeka. Watoto wakala mahamri, wakaomba mengine. Marehemu wa mle aligonga kabati mara moja, akapewa kikombe cha kahawa, akatulia. Nyuma yake akatoka Menza, kalamu yake ya kazini i sikioni.

"Nimetafuta nyumba iliyozoea wafu," alieleza, "nikapata hii tu."

Bi Mwanakuu alifurahi hadi machozi yakamtoka. Mwalimu Mwanabaraka, aliyebaki upande wa huku wa kioo, akamkumbusha akae naye mbali kidogo, kwa kuwa eda haijaisha.

"Chonga asema ulimpa nyumba yetu," akamwambia mumewe.

Chonga alikuwa nduguye Menza. Alidai kwamba kule hospitalini, walipokuwa wawili tu, marehemu alimpa nyumba nzima kwa kinywa chake, hata ile robo ya urithi ya mjane. Eda ikiisha, Bi Mwanakuu atoe funguo.

"Kinywa kipi?" Menza akauliza. "Changu kilikuwa na mpira wa kupumulia tangu Jumatatu."

Bi Mwanakuu na Priscah wakarudi sebuleni, wazee wa ukoo wakaitwa, wakapangwa kwenye viti mbele ya televisheni. Walimsalimu Menza kwa adabu, wakamuuliza hali ya huko, naye akasema neno lake mara tatu. Chonga alikuwa akimenya chungwa. Alisema picha za video ni uongo, kila mtu ajua. Wazee wakanong'onezana. Mwishowe mkubwa wao akasema kwamba maneno ya marehemu ni mazito, lakini mwenye la kusema alipaswa kulisema angali hai. Isitoshe, shahidi huulizwa anapokaa, na huyu anakaa kwa Wazungu ndani ya kaseti. Kisha wakanywa kahawa.

Bi Mwanakuu aliumia sana. Alikuwa ameifagia nyumba ile miaka thelathini na mmoja, na hakuna mzee hata mmoja aliyemtazama usoni wakati wa kuaga.

Eda ilipoisha alioga, akavaa leso mpya, akampa Chonga funguo. Hakuwa na pa kwenda ila mle ndani. Vyumba vilikuwa tele, na mwenye jumba alimwomba akae. Asumini haikuingia. Debe lilikuwa pana kuliko kioo.

Kaseti nayo haikutoka tena kwenye deki ya video. Priscah aliichokoa kwa kisu cha mezani akachoka. Hivyo Chonga akachukua nyumba, televisheni na kilichomo. Kila akiwasha ni picha ile ile: milango i wazi, watoto wanakuna nazi, marehemu wawili wanacheza bao. Haimtishi mtu.

Baada ya sala ya alasiri, Bi Mwanakuu huja dirishani mwa lile jumba akatazama sebule yake mwenyewe.

"Chonga, asumini umeitia maji?"

"Nitaitia, shemeji," Chonga hujibu, kisha hupunguza sauti ya televisheni.