Seli za Rangi Hafifu

Pale maabara walimwita Darubini, kwa sababu ukimtafuta mbali na darubini yake unapoteza muda wako. Jina alilipokea bila kinyongo. Mwenzake anayepaka vipande vya ubongo rangi walimwita Mchuzi, na huyo ndiye aliyekuwa na haki ya kulalamika.

Walikuwa wakichora ramani ya sehemu moja ya ubongo, ndogo kuliko punje ya mchele, iliyokaa juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapopishana. Hapo ndipo ilipo saa ya mwili, ile inayoujulisha mwili kama ni usiku au mchana. Baadhi ya seli zake hutengeneza peptidi, vipande vifupi vya protini ambavyo seli hupelekeana habari kwavyo. Mchuzi aliziwekea dawa seli hizo zikageuka kahawia, kisha Darubini akazihesabu, kila seli mbonyezo mmoja wa kihesabio kilichokaa kiganjani. Bongo zenyewe zilitolewa na wazee waliokubali wangali hai. Wengine walilala vizuri hadi mwisho wao, wengine walipoteza usiku na mchana. Nani ni nani, mhesabuji hakutakiwa kujua. Kila kioo chenye kipande cha ubongo kilikuwa na namba tu, na siri ya namba alikuwa nayo Profesa.

Mmoja wa wazee hao alikuwa mama yake Darubini.

"Hutamjua," Profesa alimwambia baada ya kusitasita sana, "kwa hiyo hesabu." Kutamka ni rahisi.

Mwaka wake wa mwisho mama alizurura nyumbani usiku kucha, mpaka akaanguka ngazini asiinuke tena. Aliyemuuguza ni kitinda mimba wake, ambaye nyumbani wanamwita Kitinda hadi leo ingawa mvi zimeshamwota. Kaka yao mkubwa, bingwa wa kutoa ushauri kwa simu, alisimama msibani akamwambia mbele za watu: "Ungemzuia asilale mchana kutwa, angelala usiku. Umemuua kwa kumdekeza." Tangu siku hiyo Kitinda akawa wa kukonda tu. Darubini alimwapia kwamba kama saa ya mama ilikuwa imekufa, seli zitasema, na kaka atafyata mkia.

Asubuhi moja aliweka kioo kipya chini ya lenzi. Pembeni mwa kipande aliona kitundu cha zamani, kingo zake zimeshapona. Kitundu kama hicho daktari aliwahi kumwonyesha kwenye picha ya kichwa cha mama, alipopatwa na kiharusi kidogo. Upande uleule, mahali palepale.

Alitakiwa kunyanyuka papo hapo. Hakunyanyuka. Alijitia hamnazo, akaendelea kubonyeza. Seli zilikuwa chache. Chache kweli kweli! Furaha ikampanda, furaha ya kuonea aibu, akamwona kaka akikosa pa kuuweka uso wake. Simu ikatetemeka mezani. Alikuwa Kitinda. Hakuipokea.

Ndipo alipogundua kwamba kidole chake kimetulia huku jicho likiivuka seli ya rangi hafifu. Likavuka nyingine. Seli za namna hiyo hazikosekani: si za kahawia hasa, wala si tupu, na mhesabuji lazima aamue moja. Alichukua kioo cha jana akakitazama upya. Kwa namba aliyoiandika, za hafifu zote alikuwa amezihesabu. Akarudi kwa mama. Huku alikuwa ameziruka zote, wala hakujua kwamba anaziruka.

"Mbona umekauka hivyo?" Mchuzi aliuliza kutoka kwenye sinki.

"Nimemjua."

"Nani?"

"Mama."

Mchuzi alifunga bomba. "Nani mwingine anajua?"

"Wewe tu."

"Basi mimi sijasikia kitu. Malizia hiyo, nenda kapumzike."

Alitamani kufanya hivyo kuliko alivyowahi kutamani chochote. Ingetosha kunyamaza. Namba ingetoka ndogo, kaka angefunga mdomo, na mdogo wake angepata usingizi. Mwishowe akapiga moyo konde, akazima taa ya darubini, akaenda kugonga kwa Profesa.

Profesa alifoka hadi korido nzima ikasikia. Hesabu zote zikatupwa. Mchuzi akaagizwa ahesabu upya kila kioo, na Darubini akakatazwa kukanyaga chumba kile. Akahamia chumba cha kuoshea vyombo, roho juu, akisikia kihesabio kikilia ng'ambo ya ukuta. Kila kilipolia aliomba kisilie tena.

Siku Profesa alipomwita, hakumkaribisha hata kiti. "Za mama yako ni nyingi kama za wale waliolala vizuri," alisema kwa upole. "Pole."

Kitinda alikuwa akimngoja kwenye benchi nje ya geti, mkoba kaukumbatia. Korido nzima Darubini alitembea akiupanga uongo, na aliupanga vizuri hata akakaribia kuuamini. Alipokutana na macho ya mdogo wake, akauacha.

"Seli zipo, mdogo wangu. Nyingi."

"Kwa hiyo saa yake ilikuwa nzima."

"Zilikuwepo tu. Kama zilifanya kazi, hesabu haisemi."

"Lakini inawezekana alijua ni usiku."

"Inawezekana." Darubini akamshika mkono. "Hiyo haimaanishi kaka alisema kweli. Usimuwaze yule."

"Simuwazi kaka. Kuna kitu sikuwaambia. Nilipomkuta pale ngazini alikuwa ameshika blanketi. Nililiondoa kabla hamjafika, nikajua mtasema alichanganyikiwa mpaka akawa anabeba matandiko. Alikuwa anashuka, dada. Na huko chini nalala mimi peke yangu."

Darubini akaketi kando yake kwenye benchi.

"Lilikuwa langu," Kitinda alisema. "Kulikuwa na baridi, nikampandishia alale nalo. Kama alijua ni usiku, alikuwa ananirudishia."